Homa ya moshi mweupe

Kijana anayejifunza kuchomelea pale Masisi-Centre anafunga kazi saa kumi jioni. Kutwa nzima alikuwa akiunga mabomba ya galva kwa ajili ya kichanja cha tangi la maji. Saa mbili usiku koo limemkauka na mdomoni ana utamu wa ajabu, ladha ya chuma ambayo hata ugali hauiondoi. Saa nne anatetemeka chini ya blanketi mbili, viungo vinauma, kichwa kinagonga, kifua kimebana na kikohozi kikavu hakimpi nafasi ya kulala. Nyumbani hakuna anayejiuliza mara mbili. Homa ya usiku yenye kutetemeka ina jina moja tu hapa kwetu, na dawa zake ziko kwa mwuza dawa wa jirani, dozi ya siku tatu. Anameza. Kesho yake jioni ana nafuu, keshokutwa amesimama. Dawa zinapata sifa, malaria inapata lawama, na wiki inayofuata kijana anarudi kwenye mabomba yale yale.

Huenda ilikuwa malaria kweli. Lakini kuna homa nyingine ambayo mafundi wa kuchomelea wanaipata mara nyingi na kuifahamu kidogo mno, na inafuata ratiba hiyo hiyo bila mbu yeyote kuhusika. Inatokana na moshi wa zinki. Kivu ya Kaskazini ni mahali pabaya pa kuugua homa hii, kwa sababu hapa imepata pa kujificha.

Tuanze na bomba lenyewe. Chuma kitupu katika mvua za Masisi au unyevu wa msitu wa Walikale kinaota kutu upesi, ndiyo maana kiwandani wanakizamisha ndani ya zinki iliyoyeyushwa, kwenye joto la nyuzi 450 hivi, kikatoka na ngozi ya kijivu inayometameta. Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya ufundi huo mwaka 1837, na haujabadilika sana tangu hapo. Ngozi hiyo kwenye bomba la maji ina unene wa maikroni 50 hadi 80 hivi. Kwenye bati la paa ni nyembamba zaidi. Galva iko kila mahali machoni petu: mabomba yanayovusha maji ya chemchemi juu ya makorongo, nguzo za vioski vya maji, mapaa ya shule, mageti, na marundo ya vyuma vilivyobaki baada ya mradi kufungwa na wenye mradi kuondoka. Vyuma hivyo vya mabaki ndivyo anavyofundishiwa mwanagenzi, kwa kuwa ni vya bure.

Watu wa Walikale wameishi na metali muda mrefu. Walibeba kasiterite ya Bisie mgongoni kupita msituni, wakaona ndege ndogo zikitua juu ya lami ya barabara pale Kilambo kuichukua, na tangu 2019 kuna mgodi wa kiwanda wa kampuni ya Alphamin huko huko Bisie. Ila kasiterite inazaa stani, na stani ndiyo inayopakwa ndani ya mkebe wa sardini. Zinki ni ukoo mwingine. Ile ya Kongo inachimbwa mbali kusini, Kipushi, katika mgodi uliofungwa mwaka 1993 na kuanza tena kuzalisha 2024. Motoni metali hizi mbili hazifanani hata kidogo. Stani inayeyuka kwenye nyuzi 232 lakini haichemki mpaka ipite nyuzi 2,600. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 419 na kuchemka kwenye 907. Chuma kinachobeba hiyo zinki kinahitaji nyuzi 1,500 hivi ili kiyeyuke.

Hapo ndipo penye shida yote. Fundi hawezi kuyeyusha chuma bila kwanza kuichemsha zinki iliyo juu yake. Bageti, yaani ufito wa kuchomelea, inapogusa bomba, zinki inageuka mvuke kabla chuma hakijaanza hata kulainika. Mvuke huo unakutana na hewa, unaungua, na kuwa oksidi ya zinki. Ndio ule moshi mweupe mzito unaopanda kutoka kwenye mshono, na zile nyuzi laini nyeupe zinazoelea ateliye nzima na kutua kwenye nywele na mabega. Zinazotua si za kuogopwa sana. Hatari imo katika chembe zisizoonekana, ndogo kuliko maikroni moja, ambazo haziishii puani wala kooni bali zinateremka mpaka kwenye vifuko vya hewa vilivyo mwisho kabisa wa mapafu.

Zinapofika huko mwili unazipokea kama adui. Chembe za ulinzi zinaitana na kutoa kemikali za kengele, zile zile zinazopandisha joto mtu akiwa na maambukizi. Kwa hiyo homa ni ya kweli, kutetemeka ni kwa kweli, na hata ukipimwa damu utakuta chembe nyeupe zimeongezeka. Mtu wa maabara anayeona majibu hayo bila kujua kazi ya mgonjwa ana kila sababu ya kufikiri kuna vijidudu.

Maradhi haya si mapya. Kule Uingereza, mwaka 1831, daktari Charles Thackrah wa Leeds aliandika juu ya wayeyusha shaba ya njano waliokuwa wakishikwa na homa ya vipindi. Shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Mwaka 1862 mwenzake Edward Headlam Greenhow akaieleza kwa kirefu zaidi, na yeye pia aliifananisha na homa za kutetemeka za watu wa mabwawani, yaani malaria. Mjerumani Karl Bernhard Lehmann ndiye aliyeonyesha mwaka 1910 kwamba mhusika ni zinki. Mwaka 1927 Philip Drinker na wenzake, huko Marekani, walivuta oksidi ya zinki kwa makusudi siku mbili mfululizo na kugundua jambo ambalo kila fundi mzee analijua kwa uzoefu: siku ya pili mwili unavumilia.

Uvumilivu huo ni wa kitapeli. Unakuja baada ya siku moja au mbili za kuvuta moshi na unaondoka ukipumzika siku mbili tu. Ndiyo maana katika viwanda vya Ulaya waliita homa ya Jumatatu: Jumapili mapafu yamesahau, Jumatatu usiku mtu anatetemeka, Jumatano anajisikia mzima na kudhani amezoea. Sasa fikiria ateliye za kwetu. Mji uliopitiwa na vita, kama Masisi-Centre Januari 2025 na Walikale-Centre Machi mwaka huo huo, hauna wiki ya kazi iliyonyooka. Barabara ikifungwa, bageti zikikosekana, mafuta ya jenereta yakipanda bei, watu wanakaa siku kumi bila kuwasha mashine. Kila wanaporudi ni Jumatatu nyingine. Na fundi mkongwe anayemcheka mwanagenzi, "Wewe bado laini, utazoea," hajui kwamba alichozoea yeye ni kutoisikia kengele. Moshi anauvuta bado.

Homa hii ina saa yake, na anayetaka kuitambua ajifunze kuisoma. Inaanza saa nne hadi kumi baada ya kuvuta moshi, mara chache mtu akiwa bado kazini. Inatanguliwa na kiu, koo kavu na ladha ya chuma mdomoni. Inapanda usiku, inatoa jasho alfajiri, na baada ya siku moja au mbili imekwisha yenyewe, kwa dawa au bila dawa. Kitu cha kutuliza maumivu na homa, maji mengi, kupumzika: hayo yanatosha. Malaria haina adabu hiyo. Isipotibiwa haiondoki kwa saa 48 kisha ikasubiri umalize kazi nyingine ya galva ndipo irudi.

Hapa nataka nieleweke vizuri, kwa sababu maneno haya yanaweza kuua yakisomwa kinyume. Simwambii fundi mwenye homa kwamba hana malaria. Kongo ni ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria baada ya Nigeria, na ukitelemka kutoka milima ya Masisi kuingia misitu ya Walikale mbu wanazidi. Kila homa ipimwe, hata kama umechomelea galva kutwa nzima. Kipimo cha haraka cha tone la damu kinachukua dakika 15 hadi 20, na tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri dawa zisitolewe kabla ya kupima. Lakini hata kipimo kina ujanja wake. Vipimo vingi vya haraka vinatafuta protini ya kimelea, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Isitoshe, wakubwa wengi waliokulia penye malaria wanatembea na vimelea vichache bila kuugua. Kwa hiyo mtu anaweza kuonyesha malaria kwenye kipimo na bado homa ya usiku huo ikawa imetoka kwenye bomba. Atibiwe malaria, sawa. Ila asirudi kwenye moshi akidhani jambo limekwisha.

Kinachokosekana ni swali moja. Daktari Bernardino Ramazzini, Mtaliano aliyechapisha kitabu cha magonjwa ya mafundi mwaka 1700, aliwataka madaktari waongeze swali kwenye yale waliyozoea kumwuliza mgonjwa: unafanya kazi gani? Wauguzi wetu wana foleni, na homa wanazozihofia ni nyingi. Eneo hili lilipita kwenye Ebola kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, wakati ambapo kila paji la uso lilipimwa joto barabarani. Si rahisi kumtarajia muuguzi akumbuke zinki. Basi fundi mwenyewe aseme: "Muganga, jana nilichomelea galva ndani, na juzi nilikuwa mzima." Sentensi hiyo moja inamsaidia muuguzi kuliko maelezo marefu ya maumivu.

Kuhusu maziwa. Masisi ni nchi ya ng'ombe, na fromaji yake inajulikana mpaka Goma na mbali zaidi, kwa hiyo ushauri wa "kunywa maziwa kabla ya kuchomelea galva" umepata udongo mzuri wa kuota hapa. Upo pia Nairobi, Dar es Salaam na hata Marekani. Mafundi wa dunia nzima wanauamini. Maziwa yanakwenda tumboni. Moshi unakwenda mapafuni. Havikutani. Hakuna ushahidi kwamba glasi ya maziwa inazuia homa hii, iwe kabla au baada. Anayependa anywe kwa njaa na kwa kiu, na maziwa ya Masisi ni matamu, lakini asidhani yanachukua nafasi ya hewa safi.

Sasa hesabu kidogo, maana mwanagenzi haamini mpaka aone. Ngozi ya zinki yenye maikroni 70 ina uzito wa karibu gramu 500 kwa kila mita ya mraba. Chukua bomba la inchi mbili, uunge vipande viwili kwa kuzungusha mshono. Joto litaunguza zinki sentimita mbili hivi kila upande, nje na ndani ya bomba. Hapo kuna kama gramu saba za zinki zilizoguswa na moto. Tuseme kwa huruma kwamba gramu moja tu ndiyo iliyogeuka moshi. Gramu moja ya zinki inazaa gramu moja na robo ya oksidi. Ateliye ya mita nne kwa tano, yenye kimo cha mita mbili na nusu, ina hewa ya mita za ujazo 50. Gawanya: miligramu 25 katika kila mita ya ujazo. Kikomo kilichowekwa Marekani kwa moshi wa oksidi ya zinki ni miligramu tano, wastani wa saa nane za kazi. Kiungo kimoja, ndani, mlango umefungwa kwa sababu ya mvua, na hewa tayari ina moshi mara tano ya kikomo hicho. Kichwa kilichoinama juu ya mshono kinapokea zaidi ya hapo, kwa kuwa moshi bado haujatawanyika.

Ona pia nilivyosema nje na ndani. Wanaoanza wanasugua upande wa nje kwa grenda mpaka chuma kinang'aa, wanaridhika, kisha wanashangaa moshi mweupe unatoka wapi. Unatoka tumboni mwa bomba. Bomba la galva limezamishwa zima, limepakwa pande zote mbili, na moshi wa ndani unasafiri na kutokea mdomo wa pili, mara nyingi alipochutama msaidizi anayelishikilia. Kijana wa watu hajagusa bageti, na usiku ndiye anayetetemeka.

Homa ya zinki peke yake kwa kawaida haiui. Ningependa sentensi hiyo iwafariji wasomaji kwa muda mfupi tu, kwa kuwa vyuma vya mabaki havibebi zinki peke yake. Kuna boliti, vishikizo na vipuri vya mashine vilivyopakwa kadimiamu, ambavyo kwa macho vinafanana sana na vya zinki, wakati mwingine vikiwa na rangi ya dhahabu. Kadimiamu inachemka kwenye nyuzi 767, mapema kuliko zinki. Moshi wake unaanza kwa dalili zile zile: koo, kikohozi, homa ya usiku. Tofauti inakuja baadaye. Mgonjwa wa zinki siku ya pili anapata nafuu. Mgonjwa wa kadimiamu siku ya pili pumzi inazidi kukata, mapafu yanajaa maji, na anaweza kufa. Mtego ni kwamba fundi aliyewahi kuugua homa ya zinki mara kadhaa anajipa moyo, "itapita kama ile," akalala nyumbani siku ambayo alipaswa kuwa hospitalini. Hospitali kuu ya Masisi, ambayo Madaktari Wasio na Mipaka wameisaidia tangu 2007, iko mbali kwa mtu wa Nyabiondo asiyeweza kupumua. Basi safari ianze mapema. Pumzi ikikata hata ukiwa umekaa, midomo ikigeuka rangi, au homa ikivuka siku mbili, usimngoje mtu akushauri.

Vyuma vya mabaki vina hatari nyingine pia. Rangi kuukuu mara nyingi ina risasi, na kuichoma ni kuivuta. Pipa lililobeba petroli au mazutu linaweza kulipuka hata kama limekaa wazi mwezi mzima, kwa kuwa mvuke unabaki kwenye mikunjo. Pipa la namna hiyo halichomelewi na mtu anayejifunza, tuishie hapo. Bomba lililozibwa ncha zote mbili nalo litoboe kwanza, hewa yake ipate pa kutokea, ama litakurushia chuma cha moto usoni. Kuna pia wale wanaoondoa zinki kwa asidi ya betri. Asidi ikila zinki inatoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche moja, ndani ya chumba ambacho kazi yake ni kutoa cheche.

Halafu jenereta. Mvua ikinyesha watu wanaiingiza ndani isilowe, na sasa ateliye ina moshi wa zinki pamoja na gesi ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu. Hiyo ya pili haisubiri usiku. Maumivu ya kichwa na kizunguzungu mkiwa wawili watatu kwa pamoja maana yake ni kutoka nje sasa hivi.

Hata kazi yenyewe inaharibika. Mvuke wa zinki unaojaribu kutoka unanaswa ndani ya chuma kinachoganda, mshono unajaa vitundu, cheche zinaruka ovyo, na zinki iliyoyeyuka ikipenya kwenye chuma cha moto inaweza kukipasua. Mwanagenzi anaona mshono mbaya, anaongeza moto, anauongeza moshi. Nimeona mishono ya galva iliyofunikwa vizuri kwa rangi ya fedha ambayo ukiigonga kwa nyundo inalia kama chungu kilichopasuka.

Ikiwa lazima kuchomelea, toka nje. Si mlangoni, nje kabisa. Upepo ukupige ubavuni; ukiwa mgongoni mwako unazungusha moshi mbele ya kifua na kuurudisha usoni, na watu wengi hawajui hilo. Sugua zinki sentimita tano hadi kumi kila upande wa mshono, ndani na nje kadiri mkono na brashi ya waya vinavyofika, na wakati wa kusugua uzibe pua pia, maana vumbi lake nalo ni zinki. Kichwa kikae kando ya moshi, kamwe kisiwe juu yake. Kofia ya kuchomelea inalinda macho na ngozi, haichuji hewa hata kidogo. Moshi unapita chini ya kidevu na kujikusanya ndani. Barakoa ya kitambaa, au ile ya buluu ya hospitali iliyobaki tangu siku za korona, inazuia mate, haizuii chembe hizi. Inayofaa ni ya FFP2 kwenda juu, ikibana uso pande zote, na ya mpira yenye vichujio vya kubadilisha ni bora zaidi. Ndevu zikiwa nyingi hakuna inayobana.

Kwenye mshono wenyewe, acha mwanya wa milimita moja na nusu kati ya vipande ili mvuke upate njia. Enda polepole kuliko kwenye chuma cheusi, ukisogeza bageti mbele na nyuma kidogo ili zinki iungue na kutoka kabla chuma hakijafika. Bageti za 6013 zinazopatikana madukani kwetu zinafanya kazi kwenye chuma kilichosuguliwa. Za 6010 na 6011 zina moto wa kusukuma na zinamudu galva vizuri zaidi, ila hazikubaliani na kila mashine ndogo. Ukimaliza, acha kipoe, piga brashi, paka rangi yenye zinki nyingi. Ukipaka rangi ya fedha ya kawaida umepamba tu. Mvua itapajua palipo uchi.

Mambo mengine ya mwanzo nayapitia haraka kwa kuwa yanamhusu kila anayechomelea. Macho yakiangalia moto bila kioo cheusi, usiku yanawasha kana kwamba yametiwa mchanga, na watoto wanaosimama barabarani kutazama wanaumia vivyo hivyo. Ardhi ikiwa na maji na viatu vikiwa vimelowa, umeme unatafuta njia mwilini. Tena, moshi wa kuchomelea wa aina zote, si wa galva tu, uliwekwa mwaka 2017 na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Na wachomeleaji wanapata nimonia kali mara nyingi kuliko watu wengine, kiasi kwamba Uingereza inawapendekezea chanjo yake. Hayo ni ya miaka mingi. Kijana wa miaka 18 hatishiki na miaka mingi, ndiyo maana naanza na homa ya usiku wa leo.

Lipo jambo ambalo si la kiufundi. Katika ateliye nyingi kazi ya galva anapewa mdogo kuliko wote. Fundi mkubwa anaujua moshi ule, hataki kuuvuta, anakaa mlangoni na kutoa maelekezo. Akiulizwa atasema ni sehemu ya kujifunza. Mimi naona kinyume: galva ni kazi ya mwisho ya mafunzo, na mwanagenzi aianze siku ambayo mshono wake juu ya chuma cheusi umeshasimama. Wenye miradi ya kuwafundisha ufundi vijana waliokimbia vita au walioacha silaha wanagawa mashine, kofia na glavu kisha wanapiga picha. Waongeze kwenye sanduku hilo barakoa za kufaa na vichujio vya miezi sita, na wanunue chuma cheusi cha kujifunzia.

Na kwa mabomba ya maji, ambayo ndiyo galva nyingi zaidi ya milima ya Masisi, kuchomelea hakuhitajiki kabisa. Bomba la galva limetengenezwa ili likatwe nyuzi kwenye ncha, lizungushiwe katani au tepi nyeupe, lifungwe kwa soketi. Filiera ya mkono, kifaa cha kukatia nyuzi hizo, inashirikiwa na mafundi wa kijiji kizima, haitaki jenereta wala bageti, na zinki inabaki mahali pake, isipokuwa kwenye zile nyuzi chache unazozipaka rangi. Bomba la chemchemi likizibwa na mchanga msimu wa mvua, kiungo cha soketi kinafunguliwa kwa spana mbili na kufungwa tena siku hiyo hiyo. Kilichochomelewa itabidi kikatwe, na mtu mwingine ainame juu yake na bageti.